Viatu Visivyo na Gundi

"Samahani jamani, naomba kunusa hewa yenu."

Cherehani ikanyamaza. Nyundo ikabaki juu, haijui ishuke au ingoje. Katika ujia ule wa mafundi viatu, ambako watu hupita kutwa wakisukumana mabega na kuulizia soli, visigino na zipu, wateja walikuwa wameshaomba mengi. Kuna aliyewahi kuomba kiatu kimoja tu. Kuna aliyeomba viatu vyake vipunguzwe sauti. Lakini hewa, hapana.

Aliyeomba alikuwa msichana ambaye hakuna fundi aliyewahi kumwona. Alivaa gauni la bluu la mikono mirefu, na nywele zake alikuwa amezibana kwa kalamu. Mkononi alishika kisanduku cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye taa ndogo ya kijani inayokonyeza.

"Hewa yetu?" aliuliza kijana mwenye nyundo. "Dada, hiyo tunatoa bure. Ukitaka ya kubeba, njoo na mfuko wako."

Mafundi wa mlango wa pili wakaangua kicheko. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, aproni ya ngozi kifuani, vidole vimejaa magamba ya gundi iliyokauka. Ujia mzima ulimwita Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti vya shule.

Msichana hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyemwagiwa pilipili.

"Kwani husikii harufu?"

"Harufu gani?"

"Hiyo! Ya hilo kopo lililo wazi mbele yako."

Gundi akainamia kopo la gundi, akavuta pumzi ndefu, akainua kichwa akitabasamu. "Mimi siisikii siku nyingi. Pua yangu imeshazoea."

Alisema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayesema amezoea baridi. Msichana akamtazama kwa namna iliyomfanya aache kutabasamu.

"Nani huyo anatukagua?" Sauti ilitoka nyuma ya rafu, ikifuatwa na kikohozi, halafu na mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Huyo ndiye mwenye karakana, Shangazi yake Gundi, aliyemlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha kazi. Ujia mzima nao ulimwita Shangazi.

"Shikamoo Shangazi. Sikagui mtu. Mimi ni mtafiti, nimemaliza chuo juzi tu." Akainua kisanduku. "Humu ndani kuna transista. Si zile za redio. Hizi nimezichapa mwenyewe, kwa wino, juu ya plastiki nyembamba kama ya kufungia pipi. Wino wenyewe ni wa kikaboni, jamii moja na vitu vilivyo hai. Umeme unapita ndani yake taratibu. Mvuke wa gundi ukiingia kwenye wino, umeme unapata taabu kupita, na mstari kwenye simu yangu unashuka. Hewa ikiwa safi, mstari unapanda tena."

"Kwa hiyo ni pua," alisema Gundi.

"Ndiyo. Ni pua."

"Na wewe ndiye mama wa pua."

Safari hii msichana alicheka, na Gundi akajikuta anatafuta neno jingine la kumchekesha. Kuanzia siku hiyo jina la msichana likawa Pua.

Alichokuwa akitafuta kilikuwa hiki. Taasisi moja kubwa ya utafiti, mbali ng'ambo, ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kifaa cha Pua kilifanya kazi vizuri ndani ya chupa za maabara, lakini taasisi ilitaka kuona kwamba kinaweza kunusa mahali watu wanapofanyia kazi kweli, penye vumbi na jasho, na wakubwa wake wangekuja kujionea. Aliomba akitundike kisanduku kwenye msumari, basi. Yeye angekuwa anapita kukiangalia.

Shangazi alivaa miwani yake, akakitazama kisanduku kama anayetazama mkwe asiyemwamini.

"Na hiyo pua ikishanusa, inamwambia nani?"

"Inaniambia mimi."

"Na wewe unamwambia nani? Sikiliza, mwanangu. Mwenye jengo hili anatafuta sababu ya kututoa. Akipata neno moja tu la wasomi kwamba hewa yetu mbaya, kesho hapa panauzwa simu."

Pua alikiweka kisanduku juu ya meza, katikati ya vipande vya ngozi.

"Shangazi, nakuahidi. Kitakachosema kisanduku hiki, wa kwanza kusikia utakuwa wewe. Kabla ya profesa wangu, kabla ya mtu yeyote. Halafu wewe ndiye utakayesema kiende kwa nani."

"Maneno matamu hayo."

"Mimi siahidi mara nyingi, Shangazi. Ndiyo maana nakumbuka nilichoahidi."

Shangazi akakohoa, akafikiri. "Gundi, tafuta msumari."

*

Kisanduku hakikuhitaji kuangaliwa kila mara. Pua alikuja kila mara. Leo anasema taa imefifia, keshokutwa anasema anataka kuhakikisha msumari haujalegea. Mafundi wa mlango wa pili wakimwona tu wanaita: "Gundi! Mgonjwa wako amekuja kupimwa!"

Gundi naye akaanza kuvaa shati la pasi chini ya aproni. Alipokuwa anafanya kazi, Pua alikaa kwenye kigoda na kumtazama. Jambo moja lilimshangaza: kila kiatu alichokimaliza, Gundi alikigeuza, akapaka rangi na kung'arisha hata chini ya soli, pale kwenye upinde kati ya kisigino na kidole.

"Mbona unang'arisha na huko? Nani ataona?"

"Nimeshaona mimi."

"Mteja akikanyaga tope mlangoni?"

"Atakanyaga kwa miguu yake. Kiatu kimetoka kwangu kimevaa vizuri."

Jioni simu zilianza. Ya kwanza ilihusu betri. Zilizofuata hazikuhusu chochote.

"Umelala?"

"Saa hizi? Ndio kwanza naosha vyombo."

"Basi endelea, nasikiliza."

"Unasikiliza vyombo?"

"Vyombo vyako vina sauti nzuri. Hiyo iliyoanguka ni sufuria au sahani?"

"Ni kijiko. Na ukiendelea kunichekesha itakuwa sahani, utanilipa."

"Nitakulipa kwa soli."

"Gundi wewe!"

"Naam, laazizi."

Neno likatoka lenyewe. Upande wa pili maji yakafungwa.

"Sema tena," alisema Pua.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomsumbua Pua. Kwenye simu yake mstari ulikuwa ukipanda asubuhi, wakati mlango ukiwa wazi na kazi haijachanganya. Kufika mchana ulianguka kama jiwe. Ni saa zilezile ambazo Gundi alikuwa akishika kichwa na kusema, "Hili jua la leo." Ni saa zilezile ambazo Shangazi alikohoa. Siku moja Pua alisogeza chungwa lililomenywa chini ya pua ya Gundi, akiwa amemfumba macho kwa kiganja.

"Nini hiki?"

"Kiganja chako."

"Nilichoshika mkono wa pili."

Gundi akanusa, akanusa tena. Bega lake likashuka. "Sijui, mpenzi. Ni nini?"

Pua alimtia kipande cha chungwa mdomoni badala ya kumjibu, akageuka ili Gundi asione macho yake.

*

Siku Pua alipomwalika maabara kwake, Gundi alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe na suruali nyeusi yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata karatasi. Chumba kilikuwa kirefu, cheupe, chenye madirisha mapana na sauti ya feni. Juu ya meza vilikuwa vihisi, pua nyingine kama ile ya kisanduku, vimepangwa kama biskuti, na mbele yao skrini yenye mstari wa kijani.

Gundi akaingia. Mstari ukainama.

"Karibu, shemeji!" alisema kijana mmoja wa maabara, aliyeitwa Miwani kwa sababu zilizoonekana. "Harufu yako imekutangulia, imeshakaa."

Wote walicheka, Gundi pia. Pua alimshika mkono mbele ya wote, akamwonyesha kila kitu. Lakini walipotoka nje, Gundi alitembea macho chini. Pua alidhani ameona aibu. Kumbe alikuwa anatazama viatu vyake.

"Siku ya kusimama mbele ya hao wakubwa wa taasisi, utavaa nini miguuni?"

"Hivi hivi."

"Hivi vimefungua mdomo. Vitajibu maswali kabla yako."

"Gundi!"

"Nitakutengenezea. Tena bila hata tone la gundi. Sindano na uzi tu, mwanzo mpaka mwisho. Hata hiyo pua yako ikivinusa, isione kitu."

"Vinakaa bila gundi?"

"Vinakaa sana. Vinamchosha tu anayeshona." Akaacha utani. "Siku hiyo utavaa viatu vyangu, Pua. Nakuahidi."

Miguu ikapimwa palepale kwenye ngazi za maabara, kwa kipande cha uzi kutoka mfukoni mwake, huku watu wakipita na kujifanya hawaoni.

*

Makosa mengine hufanywa na watu wabaya. Hili lilifanywa na mtu mwenye furaha.

Zilikuwa zimebaki siku chache wakubwa waje, na Pua alikuwa amesema angekuja kuchukua kisanduku. Gundi alikitazama pale msumarini. Kilikuja cheupe; sasa kilikuwa kimeota vumbi la ngozi, kahawia, kama kitu kilichookotwa. Akaona haya kwa niaba yake. Kisimame mbele ya wakubwa hivi?

Akakishusha. Akafungua kopo la nta ya viatu, ile nzuri isiyo na rangi, ya wateja wanaopendwa. Akapaka mbele, akapaka pande zote, akapitisha brashi kwenye vitundu vidogo vya mbele ili visibaki na vumbi. Akakigeuza, akang'arisha na chini. Akakirudisha msumarini kikimeremeta, akasimama nyuma hatua moja, moyo umejaa kama mzazi aliyemvisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule.

Ndani ya kisanduku nta ilikuwa imeziba vitundu, na mvuke wake umezama ndani ya wino. Mstari ulianguka hadi chini kabisa. Haukupanda tena.

Kesho yake Pua alimkuta Shangazi peke yake. Gundi alikuwa ametoka kununua ngozi. Akatoa simu, akaona mstari umelala kama uzi sakafuni.

"Shangazi, nani amekigusa kisanduku?"

"Mimi sijui habari zake. Kimekufa?" Shangazi alikuwa na haraka na mteja, akatania bila kuinua kichwa. "Kama kimekufa kipumzike. Mimi nilishasema siku nyingi, kikinyamaza nitalala usingizi."

Pua alikichukua, akaenda maabara, akaweka vitundu chini ya lenzi. Nta. Imesukumwa ndani, tundu kwa tundu. Miwani akatazama, akapuliza mluzi. "Huyu aliyeziba alikuwa na kazi moja tu."

Pua akapiga simu akiwa bado amesimama.

"Laazizi wangu," alisema Gundi, "umekiona kisanduku?"

"Nimekiona. Mmekiua."

"Tumefanya nini?"

"Mmekiziba vitundu kwa nta ya viatu, Gundi! Ili kisinuse! Shangazi yako anaogopa, naelewa. Lakini si nilimwahidi? Si ungeniambia?"

Gundi alikuwa barabarani, bunda la ngozi begani. Akasimama. Brashi, kopo, vile vitundu alivyovisugua kwa uangalifu: vyote vikamjia kwa pamoja na uso ukamwaka moto.

"Unadhani sisi tungeweza kukufanyia makusudi?"

"Basi nani? Niambie nani!"

Neno lilikuwa moja tu: mimi. Mimi, nilitaka kipendeze. Lakini aliona ile maabara nyeupe, akamwona Miwani akicheka, akasikia hadithi ikisimuliwa kila siku ya yule shemeji aliyeipaka pua ya kisayansi nta ya viatu.

"Unanyamaza," alisema Pua, sauti imepasuka. "Sawa. Nimeelewa."

Simu ikakatwa.

Siku zilizofuata kila mmoja alifanya kazi kama anayeikomoa. Pua alichapa vihisi vipya. Vipimo vya karakana alivyokusanya kabla ya nta alikuwa navyo kwenye simu, lakini hakwenda kwa Shangazi kumsomea. Alijiambia ana hasira. Ukweli ni kwamba aliogopa kumkuta Gundi, na aliogopa kutomkuta.

Gundi naye alikaa kwenye kigoda na sindano mbili, akivuta uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki iliyooshwa mpaka haina harufu. Kila tundu alitoboa kwa mkono, na soli akaisugua kwa mfupa mpaka ikang'aa, bila rangi wala nta ya kopo. Pembeni yake kulikuwa na lundo la viatu vya wahudumu wa hoteli, oda kubwa kuliko zote za mwaka, vikingoja.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "meneja wa hoteli amepiga simu tena. Acha hivyo vya huyo binti. Si mmegombana?"

"Tumegombana, Shangazi. Lakini nilisema atavivaa siku hiyo."

"Na wa hotelini nao uliwaambia."

"Wao nitawapigia magoti. Hii siku yake ikipita, haina kesho."

Shangazi akataka kufoka. Akaona vidole vya kijana wake, plasta juu ya plasta, akaenda nyuma ya rafu akakohoa huko.

*

Asubuhi ya siku yenyewe mlinzi wa lango la maabara alimkabidhi Pua boksi.

"Ameacha kaka mmoja mrefu. Vidole vyote vina plasta. Nikamwambia apite, akasema ananuka."

Ndani vilikuwa viatu vya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, visigino vifupi, mishono midogo imezunguka kama punje za mtama. Pua alikaa kwenye ngazi, ngazi zilezile, akavua vile vya zamani, akavigeuza vipya. Chini, kwenye upinde wa soli, ngozi ilikuwa inang'aa mpaka aliona kivuli cha uso wake.

Akaganda.

Akainuka, akakimbia peku hadi ndani, akavuta droo alimokuwa amekitupa kisanduku. Hakuwa amekitazama vizuri tangu siku ile. Alitazama vitundu tu. Sasa alikigeuza. Kilikuwa kinameremeta. Mbele, pande zote, na chini. Hasa chini, pale ambapo hapaonekani kikiwa ukutani.

"Mtu anayetaka kuharibu," alimwambia Miwani taratibu, "ang'arishe na chini kwa nini?"

Miwani akakipokea, akakizungusha. "Ee," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Huyu alikuwa anakivisha."

Pua akapiga simu. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Mlangoni Profesa akawa anaonyesha saa yake.

Wakubwa walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau na macho yasiyokimbilia chochote. Pua alieleza, akaonyesha, mstari ukashuka na kupanda kwa wakati wake.

"Vizuri," alisema yule mama. "Lakini mimi nitajuaje kwamba hicho kitu hakishuki tu kila kinaposogezewa kitu?"

Pua alifikiri kidogo. "Naomba kiatu chako, mama."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akavua kiatu, kipya, cha dukani. Pua akakisogeza karibu na kihisi. Mstari ukashuka. "Hiyo ni gundi ya soli." Akakiondoa, akangoja mstari upande. Kisha akainama, akavua chake, akakiweka palepale.

Mstari haukutikisika. Ulisimama umenyooka, wa kijani, kama mtu aliyeshika neno lake. Pua aliutazama kwa muda mrefu kuliko maonyesho yalivyohitaji, na Profesa akalazimika kukohoa.

"Aliyeshona hiki aliniahidi hataweka hata tone," alisema. "Hajaweka."

Mwenyekiti alitabasamu. "Sasa tuonyeshe vipimo vya ile karakana."

Hapo ndipo Pua alipohisi sakafu ya baridi chini ya mguu wake mtupu.

"Ninavyo, mama. Ila nilimwahidi mwenye karakana kwamba atasikia kwanza yeye, na yeye ndiye atakayeruhusu. Nimechelewa kumwambia. Kosa ni langu."

"Ni hewa tu, binti."

"Ni hewa yao, mama."

Wakanong'ona. Walikuwa wanasafiri siku hiyohiyo, na kulikuwa na mwombaji mwingine ambaye vipimo vyake vilikuwa mezani tayari. Wakampa muda: avitume kabla ofisi haijafungwa. Visipofika, nafasi inakwenda kwa mwenzake.

*

Alikimbia. Viatu havikumbana popote. Aliingia ujiani akihema, akawapita mafundi wa mlango wa pili, nao kwa mara ya kwanza hawakutania, waliwasogeza tu watu wampishe.

Gundi alikuwa peke yake, cherehani inanguruma, amezungukwa na viatu vya hoteli. Alipoinua macho alitazama miguu yake kwanza.

"Vimekutosha?"

"Shangazi yuko wapi?"

"Kaenda hotelini, kule mwisho wa mji, kuniombea msamaha. Oda haijaisha. Simu yake ile pale, kaiacha kwenye chaji, namba ya meneja imo humo, na anayejua kuifungua ni yeye tu."

Pua akaitazama simu ile, akakaa juu ya kigoda. Akamweleza yote: nafasi, muda, kiatu cha mama mwenye kilemba, mstari uliokataa kushuka. Gundi akazima cherehani.

"Tuma tu," alisema. "Nitamweleza mimi Shangazi. Atanielewa."

"Sikukuahidi wewe."

"Pua. Ni kwa sababu yangu hayupo. Ningemaliza vya hoteli..."

"Ningekuwa nimevaa viatu vinavyofungua mdomo." Akavuta pumzi. "Na wewe mbona hukusema? Siku ile kwenye simu. Ulikipaka nta ili kipendeze."

Gundi akainamisha kichwa. "Niliona aibu. Wewe umesoma, mimi naipaka pua nta."

"Na mimi niliyesoma sikukigeuza chini kutazama. Nilikuita mharibifu bila kugeuza kisanduku." Akamshika vidole, plasta kwa plasta. "Nisamehe, Gundi wangu."

"Nimeshasamehe tangu nikitoboa tundu la kwanza. La pili nilikasirika tena. Nikawa naenda hivyo hivyo."

Pua akacheka, machozi yakamwagika. Simu yake ikalia. Profesa.

"Umevituma?"

"Bado, Profesa. Mwenyewe hajarudi."

"Binti yangu, wanafunga! Atajua baadaye, hatakuwa na shida. Utakosa nafasi."

"Najua, Profesa." Akaitazama simu ya Shangazi kwenye chaji. "Bado hajasikia."

Wakakaa. Nje watu walipita na viatu vyao vilivyochoka. Gundi alifunika kopo la gundi kwa kifuniko, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mchana. Muda ukafika, ukapita. Simu ikalia tena; ulikuwa ujumbe mfupi wa Profesa, wa maneno mawili ya pole. Pua akausoma, akaigeuza simu kifudifudi. Gundi alivuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Ukikosa huko," alisema baadaye, "utabaki huku?"

"Profesa ana kazi ya kunipa. Ndogo. Na vihisi vyangu ninavyo."

"Basi na mimi nina swali, ila litangoja vidole vipone. Siwezi kumvisha mtu pete na plasta hizi."

"Aa! Huo ni uchumba au ni ripoti ya hospitali?"

"Vyote viwili, laazizi."

Shangazi akaingia akiwa na vumbi la njiani na sauti ya ushindi. "Ameongeza siku, yule meneja! Nimelia kidogo tu." Akamwona Pua, akasimama. Akawatazama mikono. "Na nyie mmerudiana lini?"

"Shangazi, kaa kwanza," alisema Pua.

"Nimefiwa?"

"Hapana. Kisanduku kimesema."

Shangazi akakaa. Akavaa miwani. "Nani mwingine amesikia?"

"Hakuna."

"Profesa wako? Na hao wakubwa waliokuja leo?"

"Hawajasikia," alisema Gundi. "Walitaka, akawanyima. Nafasi imekwenda kwa mwingine, Shangazi. Muda umepita akikungoja wewe."

Shangazi akamtazama binti yule kuanzia kalamu ya kwenye nywele hadi mishono ya viatu. Mwisho akaweka mkono wake mzito juu ya goti la Pua.

"Haya, mwanangu. Niambie. Usinifiche kitu."

Pua akafungua simu, akauelekeza mstari upande wake, akaanza na asubuhi. Alimwonyesha unavyopanda mlango ukiwa wazi, na unavyoanguka mchana. Akamwambia bila kuzungusha kwamba hewa ile inawaumiza, kwamba kikohozi kile na kichwa kile cha Gundi si cha jua. Akamwonyesha rafu kubwa ya kalibu, zile nyayo za mbao za kuundia viatu, ukutani, na dirisha la zamani ambalo waliliziba nyuma yake ili wapate pa kuwekea vitu.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka.

"Gundi. Shusha hiyo rafu."

Kijana akainuka. Kalibu zikaanza kushuka moja moja, mbao zikalia, msumari wa kwanza ukang'oka, na mwanga mwembamba ukapenya, ukatua sakafuni penye vipande vya ngozi.

"Na wewe," Shangazi alimwambia Pua, "nisomee tena, taratibu, toka mwanzo. Mimi ndiye wa kwanza, si ndivyo tulivyosema?"

"Ndivyo tulivyosema, Shangazi."

Akamsomea tena.